Soda Baridi za Wageni

Niliondoka kwenye mazishi kabla ya chakula, jambo ambalo kwetu Ukambani ni kukosa adabu, na mjane wa marehemu aliniona nikiondoka. Ilikuwa Kilungu, kwenye shamba la mteremko lenye miparachichi, hema mbili za kukodi, spika inayokwaruza na sufuria za pilau zikifukuta nyuma ya nyumba. Binti yake mkubwa alisoma wasifu kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma kanisani. Alisema baba yake alipigania uhai wa watoto, kwamba hakuna mtoto aliyekosa chanjo mikononi mwake. Watu wakaitikia amina. Mchungaji akaongeza ya kwake, akamvika marehemu kilemba cha ukoka ambacho hata marehemu mwenyewe angekionea haya, kama angekuwa na haya. Mimi nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini. Nimesafisha vidonda vyenye funza na nimekinga matapishi ya watu kwa viganja vyangu, na chakula changu cha mchana nikakila vizuri. Siku ile nilitembea hadi njia panda, nikashika mti, nikatapika chai yote niliyokunywa asubuhi. Mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa aliniuliza kama nina mimba, akacheka alipoona mvi zangu.

Nilifanya kazi chini ya mtu yule kwa mwaka mmoja tu, katika miaka ya themanini, nikiwa nimetoka chuoni juzijuzi. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, kwa sababu hayo hayakuchangia lolote. Tumwite Kilonzo. Kila mtu alimwita Daktari, ingawa alikuwa muuguzi kama mimi, ila mwenye cheo na funguo. Zahanati yenyewe ilikuwa huku chini kwenye joto, ukishaiacha barabara ya Mombasa kabla ya kufika Mtito Andei na kufuata njia ya vumbi jekundu mpaka uchoke. Ilikuwa na vyumba vitatu na baraza. Chumba cha kwanza kilikuwa cha wagonjwa, kikinuka dawa ya kuua viini na jasho. Cha pili kilikuwa na mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza, na jiko la stovu la kuchemshia sindano. Cha tatu ndicho kilichokuwa na friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, nyeupe, yenye utambi chini yake ambao ilibidi uukate sawasawa ili mwali uwe wa samawati. Ukiwaka manjano ulitoa moshi na friji ikawa kabati tu. Humo ndimo tulimoweka chanjo za watoto wa eneo zima. Nilifundishwa chuoni kwamba chanjo ni kitu hai kinachokufa kwa joto, na hasa ile ya ukambi, yaani surua. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza.

Haikupita wiki nikagundua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa friji pekee katika eneo lile, na kwamba kila mwenye shughuli aliijua njia ya kuifikia. Ulikuta nyama ya harambee ya kanisa imefungwa gazeti, damu yake ikidondoka juu ya paketi za chanjo ya pepopunda. Ulikuta maziwa ya mke wa chifu. Kulikuwa na wikendi moja tuliyohifadhi keki ya harusi. Kwenye mlango wa friji ilining'inia karatasi ya joto ambayo ilipaswa kujazwa asubuhi na jioni baada ya kusoma kipimajoto. Kilonzo aliijaza Jumatatu asubuhi, ya wiki nzima, kwa kalamu moja, huku akimalizia chai: nne, tano, nne, nne, tano. Nilipomuuliza kwa upole wa mgeni kama hiyo ndiyo desturi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Sista, hii friji mimi naijua kuliko mama yake," akasema. "Haijawahi kupita tano." Kipimajoto chenyewe kilikuwa kimepasuka. Nilikikuta kwenye droo, kimefungwa kwenye pamba.

Nilipanga chumba nyuma ya zahanati, na chakula changu kilitoka kwa jirani aliyeitwa Mwikali. Mimi nilimwita Mama Mutheu, kwa jina la mtoto wake mchanga. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, jikoni pembeni, na jikoni humo ndimo nilimojifunza kupenda muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, yakapikwa na mbaazi mpaka yakawa laini. Nilikaa kwenye kigoda, yeye akakoroga, Mutheu akatambaa kati yetu akitafuta cha kutia mdomoni. Mume wake alikuwa kibarua huko Emali na alionekana mwisho wa mwezi. Mwikali alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza kwa ukambi kabla ya mimi kufika. Hakupenda kulieleza jambo hilo. Lililomtoka mara kwa mara ni swali moja tu, kila nilipomaliza sahani: "Sista, bado?" Maana yake ni kwamba Mutheu bado hajafikisha miezi tisa, umri wa kuchanjwa ukambi. Nami nilimjibu bado miwili, bado mmoja, bado wiki tatu. Aliamini sindano ile kuliko mimi niliyeisomea. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani aliyekuwa akisitasita, "Wewe kaa na hiyo woga yako. Mimi yangu ikifika tisa, mimi ndio wa kwanza kwa laini." Nilijisikia fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyeivumbua hiyo chanjo.

Kisha ikaja barua kwamba wageni wanakuja. Walikuwa wakubwa watatu, wawili kutoka wilayani na mmoja kutoka Nairobi, wakizunguka kuona jinsi huduma ya chanjo ya watoto inavyoendelea vijijini. Nataka msomaji alishike hilo: walikuja kwa ajili ya chanjo. Kilonzo alipata homa ya furaha. Alipaka chokaa mawe ya ua, akaagiza mbuzi, akamwambia chifu alete akina mama wa kuimba. Wangefika Jumanne. Jumatatu saa sita mchana zililetwa kreti mbili za soda juu ya punda, zikiwa moto kama chai, kwa sababu ilikuwa Oktoba, mwezi ambao kwetu hata kivuli kina joto. Kilonzo akafungua friji, akapima kwa macho, akasema, "Toa hizi vitu zote."

"Daktari, hizi ni chanjo."

"Mimi sioni? Nimesema utoe. Unataka mtu wa Nairobi anywe soda moto hapa kwangu? Ndio aende aseme Wakamba hawajui mgeni?"

Ukweli lazima niuseme mzima, ama sivyo nitakuwa nimejipangusa uso kama binti yake alivyompangusa yeye. Kilonzo alisema niziweke kwenye rafu, dirishani. Mimi ndiye niliyetoa wazo la mtungi. Katika pembe ya chumba kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, mtungi wa udongo uliokaa juu ya mchanga uliolowa, na mchanga ule ulikuwa baridi. Kwetu ndipo tunapoweka maziwa yasigande, tangu enzi za bibi zetu. Nilizipanga chupa za chanjo kwenye bakuli la bati, nikalichimbia mchangani chini ya mtungi, nikafunika na gunia lililolowa, na nilipomaliza nilifurahi. Naam, nilifurahi. Msichana mwenye cheti, aliyefundishwa kwamba baridi ya friji na baridi ya mtungi ni vitu viwili tofauti, alisimama pale akijiona mjanja. Kilonzo akanisifu, "Umeona? Ukitumia akili hakuna shida."

Jumanne wageni hawakuja. Gari lilikuwa limeharibika, au mkutano ulirefuka, tulisikia yote mawili. Nikasema turudishe chanjo mpaka watakapofika. Kilonzo akasema soda zikitoka zitapata moto tena, na je, wakitokea ghafla? Basi chupa zililala mchangani usiku wa pili. Mchana wa Jumanne niliingiza kidole chini ya gunia nikaona pako sawa, pabaridi. Kidole changu ndicho kilichokuwa kipimajoto cha watoto wa eneo zima.

Walifika Jumatano, karibu saa saba mchana. Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, kwa hiyo akina mama walikuwepo tangu asubuhi, na Mwikali alikuwa wa kwanza kwenye foleni kama alivyoapa, Mutheu mgongoni, kwa kuwa miezi tisa ilikuwa imetimia jana yake. Chifu akawatoa kwenye foleni, akawapanga barabarani waimbe. Waliimba juani na watoto wao migongoni mpaka gari likaonekana, wakaimba likisimama, wakaimba wageni wakipangusa vumbi. Kilonzo alikuwa ameshaniamrisha nirudishe chanjo kwenye friji, nami nilizirudisha mbio, nikipangusa mchanga kwa aproni, huku akizitoa soda na kuzitia kwenye karai. Mchezo wote ulichukua dakika chache. Mgeni wa Nairobi alipoingia, alikuta friji imepangwa vizuri kabisa. Akaisoma karatasi ya joto, nne, tano, nne, akasema hajaona karatasi safi namna ile tangu waanze safari. Kisha akapewa soda.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Chupa ilikuwa na jasho. Matone yaliteremka mpaka kwenye vidole vyake. Alikuwa mtu msomi, amesafiri siku tatu katika nchi isiyo na umeme, na akilini mwake alijua kuna friji ngapi katika zahanati ile, kwa maana ndiyo kwanza alikuwa ameifunga mlango. Niliona akiitazama chupa. Niliona akigeuza shingo yake kidogo, akiitazama friji. Wenzake nao wakaitazama. Nikasema moyoni, sasa atauliza, na akiuliza nitasema yote. Akanyoosha mkono akaomba kifungua chupa. Alikunywa nusu kwa mkupuo mmoja, akafunga macho, akasema, "Aisee, hii imeingia vizuri." Wakacheka wote watatu. Nimekutana na wezi wa dawa na wakunga walevi, lakini sijaona kitu kinachonitia kinyaa kama koo la mtu yule likipanda na kushuka.

Mbuzi akaliwa mpaka saa kumi. Nilikuwa nikibeba sahani na maji ya kunawa, nikasikia mazungumzo yao kupitia mlango uliokuwa wazi: posho ya safari, kiwanja cha mmoja wao huko Emali, nani atapandishwa cheo. Chanjo ilitajwa mara moja, pale mmoja alipouliza wataandika nini, na mwingine akajibu, "Andika wako sawa, twende tufike barabara kubwa na mapema." Wakaandika kwenye kitabu cha wageni: kazi nzuri. Nje, akina mama walikuwa bado wamekaa kwenye ukuta wa baraza. Stovu ilikuwa imechukuliwa kupikia chapati, sindano hazikuwa zimechemshwa. Kilonzo akatoka akijichokonoa meno, akawaambia warudi Jumatano ijayo. Wengi walinyanyuka wakaondoka. Mwikali alikuja kwangu. "Sista, na si miezi tisa imefika?" Nikamwambia wiki moja haina shida. Akaondoka haraka, maana mbuzi wake walikuwa wamefungwa tangu asubuhi bila maji.

Wiki ile nilimwambia Kilonzo kwamba chanjo zile zitupwe, tuombe nyingine. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Alikuwa akila mifupa ya mbuzi iliyobaki, akaendelea kuila. "Sawa," akasema. "Ukitupa unaandika ripoti. Utaandika nini? Kwamba sista mwenye cheti alizika chanjo chini ya mtungi?" Akafyonza uboho. "Mimi nilisema rafu. Mtungi ni maneno yako." Kisha akalainika, na huo ulaini wake ndio ninaouchukia zaidi. "Wewe bado mdogo, usijiharibie kazi. Si uligusa mwenyewe ukaona iko baridi?" Nyama ile, nakumbuka, alikuwa ameinusa kabla ya kuanza kuila. Maziwa yakiharibika yanaganda, nyama ikiharibika inanuka. Chanjo iliyokufa haibadiliki. Siku hizi chupa zina alama ndogo inayogeuka rangi zikipatwa na joto, na friji za jua zina kufuli, na wauguzi vijana hulalamika kwamba wanachungwa kama wezi. Mimi nawaambia wachungwe zaidi. Lakini siku zile chupa nzima na chupa iliyokufa zilifanana kama mapacha, na Jumatano iliyofuata nilizifungua moja baada ya nyingine, nikachanganya na maji yake, nikavuta kwenye sindano.

Mwikali alikuwa wa kwanza tena. Alimshika Mutheu mapajani, akamkaza mkono mwenyewe, akamwambia kwa Kikamba alie tu, ni uchungu mdogo. Nilisimama na sindano hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akanicheka. "Sista, wewe ndio unaogopa?" Nikachoma. Nikaandika kwenye kadi, tarehe na sahihi yangu. Kilonzo alipita nyuma yangu akisema vizuri, vizuri, kama mwalimu.

Ukambi ulifika baada ya mwaka mpya. Walisema uliletwa na watu wa malori kutoka upande wa Mtito Andei, lakini kila ugonjwa kwetu husemwa umeletwa na watu wa malori. Tulisikia kwanza watoto wawili ng'ambo ya mto mkavu, kisha watano. Wakati huo tulikuwa tumeshapokea chanjo mpya, nzima, na mimi nilikuwa nimejinunulia kipimajoto. Nilimwendea Kilonzo nikamwomba tuwaite watoto wa Oktoba tuwachanje upya. Walikuwa wachache, majina yao nilikuwa nayo. Akasema mama akiitwa kuchanja mtoto mara ya pili atauliza kwa nini, na akiuliza mmoja watauliza wote, kisha chifu, kisha wilaya. "Tuombe Mungu tu," akasema, na nadhani aliomba kweli, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa.

Mimi sikuhitaji ruhusa yake. Jiko la Mwikali lilikuwa hatua mia moja kutoka kwangu. Jioni ile ile nilikaa kwenye kigoda changu, nikala muthokoi wake, na chupa nzima ya chanjo ilikuwa kwenye friji ambayo siku hiyo nilikuwa na funguo yake. Ningeweza kumwambia lete mtoto, tena ningeweza kumdanganya, nikamwambia serikali imeongeza sindano. Mwikali aliniuliza kama ni kweli ukambi uko ng'ambo. Nikasema ni kweli. Akamvuta Mutheu kifuani, akasema, "Afadhali yangu imechanjwa. Mungu akubariki, sista." Nikameza lile tonge. Lilishuka vizuri tu, na ndiyo maana siwezi kuwacheka wale waliokunywa soda. Nilisema moyoni kesho nitatafuta njia. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya nne Mutheu alianza kutoa machozi na kamasi, macho mekundu, na nilipomfungua mdomo niliona madoa meupe ndani ya shavu, nikajua.

Mwikali hakusadiki kuwa ni ukambi mpaka vipele vikajaa tumboni. Nilimsindikiza hospitali ya misheni juu ya lori la makaa, nikimshikia mtoto apumue, na mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila pumzi. Daktari wa pale aliitazama kadi, akauliza, huyu amechanjwa? Mwikali akajibu kwa haraka, kwa kujivunia, amechanjwa, sista ndiye huyu. Daktari akanitazama. Nikatazama sakafu. Mutheu alikaa pale siku tatu, kifua kikiwa kimejaa, akafa asubuhi ya nne.

Kilonzo alikwenda mazishini, akaongoza sala, akala. Mimi niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikaandika sababu kuwa ni joto. Nilihamishwa Kitui, ambako joto ni lile lile, na hakuna aliyeniuliza swali.

Siku moja kabla sijaondoka, Mwikali alikuja zahanati. Nilikuwa nakata utambi wa friji, mikono myeusi kwa masizi. Hakukaa. Alisimama mlangoni amejitanda leso mabegani, amekonda, na nilipomwona nilijua kwamba amesikia, kwamba kuna aliyemwambia habari za mtungi, na nikajiandaa kupigwa. Nilitamani anipige.

"Sista, nimeskia unaenda," akasema. "Nimekuja nikuombe msamaha kabla uende."

Nikamwuliza msamaha wa nini.

"Wewe uliniambia miezi tisa. Kila siku uliniambia. Ile siku ya wageni miezi imefika, mimi nikaenda nyumbani juu ya mbuzi wangu wanataka maji. Ningekataa. Ningekaa tu hapo kwa ukuta mpaka mnipatie sindano. Ile wiki moja nilichelewesha mtoto, ndio imemuua." Alipangusa pua kwa pindo la leso. "Wewe ulifanya kazi yako yote. Usiende ukiwa na roho mbaya na mimi."

Kilonzo alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, na nilisikia kijiko chake kikisimama kwenye kikombe. Nilijua maneno niliyopaswa kusema. Yalikuwa machache na yote yalikuwa mdomoni. Nikaipangusa mikono yangu kwenye aproni.

"Usijali, Mama Mutheu," nikasema. "Nimekusamehe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.